Protini na Sukari: Utumie Programu Gani Kutabiri Zinavyoshikana?

Mwaka 1992 mwanabiokemia Kurt Drickamer alichukua protini ya mfumo wa kinga inayoshika manosi, akabadilisha amino asidi mbili tu kwenye mfuko wake, yaani bonde inaposhikia sukari. Asidi ya glutamiki namba 185 ikawa glutamini, asparajini namba 187 ikawa asidi ya aspatiki. Protini ile ile ikageuka, ikaanza kupendelea galaktosi. Ukizitazama kwa fomula, manosi na galaktosi ni pacha: C6H12O6, atomu 24 kila moja. Kinachozitenga ni upande zinakoelekea haidroksili (vikundi vya OH) mbili, ile ya kaboni ya 2 na ile ya kaboni ya 4. Protini inaliona hilo bila shida. Kompyuta, mara nyingi, hailioni.

Ndiyo maana mtu akiniuliza programu ipi ni nzuri ya kutabiri protini na sukari zinavyoshikana, mimi humrudishia swali: unataka kujua nini hasa? Yupo anayetafuta mahali protini inaposhikia. Yupo anayepajua mahali hapo, ila anataka kuona sukari imekaaje humo. Mwingine anataka kujua inashikwa kwa nguvu kiasi gani. Na yupo mwenye lektini (protini inayoshika sukari) mpya na orodha ya sukari mia kadhaa, anataka kujua ipi itanaswa. Hayo ni maswali manne, na kila njia nitakayoitaja ilitengenezwa kujibu moja, pengine moja na nusu. Wengi wanaolalamika kwamba programu imewadanganya waliiuliza swali la jirani yake.

Sukari si dawa

Programu nyingi za kupachika molekuli kwenye protini zililelewa kwa molekuli za dawa: ndogo, zenye sehemu bapa zisizopenda maji, zinazozama ndani kabisa ya mfuko. Sukari hukaa juu juu, kwenye bonde la kina kifupi, nusu ya mwili ikiwa nje kwenye maji. Kila bondi ya haidrojeni inayoipata kwa protini imeachana na nyingine iliyokuwa nayo kwa maji, kwa hiyo faida inayobaki ni ndogo. Sukari moja moja hushikwa kwa kiwango cha mikromola hadi milimola, wakati dawa nzuri huhesabiwa kwa nanomola; namba ikiwa ndogo, mshiko ni mkali zaidi. Mwilini udhaifu huo hufidiwa kwa wingi: lektini yenye mifuko kadhaa hukamata matawi kadhaa ya sukari kwa mpigo. Programu yako, hata hivyo, inatazama mfuko mmoja na tawi moja.

Watu huzihesabu haidroksili wakausahau uso wa sukari. Igeuze galaktosi ubavu uione: upande mmoja una haidrojeni za kaboni zilizojipanga pamoja, na upande huo hulala bapa juu ya pete ya triptofani au tairosini. Fungua muundo wa galektini-3 iliyoshika laktosi, utaiona triptofani 181 imetandikwa chini ya galaktosi kama godoro. Programu isiyoupa mguso huo thamani inaweza kukuletea sukari iliyosimama wima, imejaa bondi za haidrojeni nzuri kwenye karatasi, na haina maana yoyote.

Halafu kuna viungo. Kati ya sukari na sukari kuna pembe mbili zinazozunguka, phi na psi, na kiungo cha 1-6 kinaongeza ya tatu, omega. Kwa macho zinaonekana huru. Haziko huru, hasa phi, ambayo hubanwa na athari ya ekso-anoma kwenye kaboni ya 1, kaboni ya anoma, ile inayoamua kama sukari ni alfa au beta. Glikani (mnyororo wa sukari) yenye sukari tano ina maumbo mengi, lakini ni machache mno kuliko yale ambayo programu isiyojua itayajaribu.

Mfuko uko wapi?

Hapa nitapita haraka. Njia zinazosoma mfuatano wa amino asidi peke yake, kama SPRINT-CBH ya 2016 na StackCBPred ya 2019, zilikuwa na kazi wakati protini nyingi hazikuwa na muundo. Siku hizi AlphaFold, programu ya kutabiri umbo la protini, inakupa muundo wa karibu kila kitu, kwa hiyo sioni sababu ya kuanzia huko, labda uwe unachuja protini maelfu.

Kinachostahili muda wako ni kizazi cha akili mnemba kinachosoma muundo. CAPSIF, iliyotoka maabara ya Jeffrey Gray mwaka 2023, ilikuja na mitandao miwili ya neva: mmoja unaikata protini kuwa vijisanduku vya nafasi, mwingine unaichora kama grafu ya amino asidi. Kwenye protini za majaribio ule wa vijisanduku ulipata alama ya Dice ya 0.597 na ule wa grafu 0.543, ambapo 1 ni kulingana kabisa na ukweli. Kilichonivutia zaidi ni kwamba ule wa vijisanduku ulifanya kazi sawasawa kwenye miundo ya fuwele na kwenye miundo iliyotabiriwa na AlphaFold2. PeSTo-Carbs na DeepGlycanSite, zote za 2024, ziko kwenye uwanja huo huo. Mimi huendesha mbili na kuchukua zinapokubaliana, kisha nafungua muundo na kuangalia kwa macho kama kuna triptofani au tairosini hapo. Dakika kumi hizo zinalipa.

Usiziulize sukari ni ipi. Zinakuambia "hapa panashikwa sukari", basi. Protini ya Drickamer kabla na baada ya mabadiliko ina mfuko pale pale, kwa hiyo jibu la "wapi" halibadiliki, na halipaswi kubadilika. Jambo jingine: miundo ya AlphaFold2 haina ayoni. Lektini za aina ya C, zikiwamo DC-SIGN ya seli za kinga na protini ya Drickamer, hushika sukari kupitia kalsiamu, na haidroksili mbili za sukari huigusa ayoni hiyo moja kwa moja. Ukisahau kuirudisha kalsiamu mahali pake, kila utakachofanya baada ya hapo ni kupachika sukari kwenye shimo.

Imekaaje humo?

Ubishi mkubwa uko hapa. Ninaziweka nne kwenye jedwali kwanza, halafu nitasema ninachofikiri.

| | AutoDock Vina | Vina-Carb | GlycanDock | AlphaFold 3 na jamaa zake |
|---|---|---|---|---|
| Unaipa nini | muundo, sukari, kisanduku cha kutafutia | vivyo hivyo | muundo na sukari iliyokwisha kuwekwa karibu na mfuko | mfuatano wa protini na sukari |
| Pembe za viungo | haijali | inaziadhibu zisizowezekana | inazipima kwa kanuni za sukari | imejifunza kwa mifano |
| Protini inasogea? | hapana, ila minyororo ya pembeni michache ukiichagua | vivyo hivyo | minyororo ya pembeni | inajengwa pamoja na sukari |
| Muda | dakika | dakika | saa nyingi za kompyuta | dakika, ukiwa na GPU nzuri |
| Mtego | alama hupanda ligandi (molekuli inayopachikwa) ikiwa kubwa | alama bado ni ya Vina | haitafuti uso mzima | kukumbuka badala ya kutabiri, anoma kugeuka |

Vina, ya Oleg Trott na Arthur Olson (2010), bado ndiyo mlango wa kwanza kwa wengi, na sina ugomvi nayo. Ila jua inachokosa. Haihesabu chaji za umeme za atomu, haiupi uso wa sukari kwenye triptofani thamani yake maalumu, na pete ya sukari inabaki kama ulivyoileta. Kwa sukari moja au mbili kwenye mfuko unaojulikana, mkao sahihi mara nyingi utakuwamo kwenye orodha ya tisa inazokupa. Tatizo ni kwamba huenda ukawa wa sita.

Vina-Carb, kutoka kikundi cha Robert Woods mwaka 2016, iliongeza jambo moja: gharama ya nishati kwa phi na psi. Nyongeza ndogo, na kwa minyororo ya sukari tatu na kuendelea naiona kama lazima. Ukiwa na Vina ya kawaida, glikani ndefu hujikunja kama waya uliokanyagwa ili ipate bondi zaidi, na alama inapanda. Kwa anayetumia Vina kwenye minyororo, sioni hoja ya kubaki na ile ya zamani.

GlycanDock (2021) imo ndani ya Rosetta, mkusanyiko wa programu za kujenga miundo ya protini. Ilipimwa kwa miundo 109 ya protini zilizoshika glikani, na pia kwa protini 62 zilizopimwa zikiwa tupu, kipimo ambacho watu wengi hukikwepa kwa sababu ndicho kigumu. Naipenda kwa kazi ya kunoa: mahali unapajua, mkao wa kukisia unao, unataka kujua kama unasimama. Kama hupajui mahali, usianzie hapo. Na kama hujawahi kugusa Rosetta, tenga siku kadhaa za kupambana na faili kabla hujaona jibu la kwanza.

Sasa AlphaFold 3. Ilitangazwa Mei 2024, programu yenyewe ikaachiwa Novemba mwaka huo kwa masharti ya kutotumika kibiashara. Chai-1 na Boltz-1, za mwaka huo huo, zinafuata njia inayofanana na masharti yake ni mepesi zaidi. Uzuri wake ni kwamba protini na sukari zinajengwa pamoja, kwa hiyo mfuko unaofunguka sukari inapoingia unaweza kuonekana umefunguka. Vina haiwezi hilo.

Ila namna unavyoiandika sukari inabadilisha jibu. Niliwahi kuingiza glikani yenye manosi kwa SMILES, yaani molekuli iliyoandikwa kama mstari wa herufi, nikapata mkao wa kupendeza, nikausifia siku mbili nzima na hata kuupaka rangi kwa ajili ya picha. Siku ya tatu nikahesabu upande wa oksijeni kwenye kaboni ya 1. Nilikuwa nimeomba alfa, nimepewa beta. Waundaji wenyewe waliripoti makosa ya mkono wa molekuli, kushoto kwa kulia, kwa asilimia 4.4 kwenye kipimo cha PoseBusters, na sukari, yenye kaboni nne au tano za aina hiyo kwenye kila pete, inatoa nafasi nyingi za kukosea. Tangu siku ile naandika sukari moja moja kwa kodi za herufi tatu za hifadhidata ya miundo ya protini, halafu nataja kila kiungo kwa jina la atomu. Tofauti ni ndogo kwa macho: MAN ni alfa-manosi, BMA ni beta-manosi, GAL ni beta-galaktosi, GLA ni alfa-galaktosi. Kisha kila jibu linapita kwa Privateer, programu inayokagua pete, anoma na umbo la sukari, kabla sijalipenda.

Mtego wa pili ni kumbukumbu. AlphaFold 3 ilifunzwa kwa miundo iliyotoka hadi Septemba 30, 2021. Konkanavalini A, lektini ya maharage, imo humo mara nyingi, ikiwa na manosi, ikiwa na trimanosidi (manosi tatu zilizoungana). Ukiijaribu kwa konkanavalini A na ikafaulu, umepima kumbukumbu. Chagua muundo uliotoka baada ya tarehe hiyo, wa familia isiyofanana na za zamani. Na hata hizo za zamani si safi: uchunguzi wa 2004 ulikuta kwamba karibu asilimia 30 ya miundo yenye sukari kwenye hifadhidata hiyo ilikuwa na kosa kwenye sukari yenyewe. Usafishaji mkubwa ulifanyika Julai 2020, ambao ulinyoosha majina na viungo, lakini sukari iliyowekwa vibaya ndani ya picha hafifu ya eksirei haiponi kwa kubadilishwa jina.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu kwenye programu zote nne. Pete ya sukari ukiizungusha nusu duara inajaza karibu nafasi ile ile, kwa hiyo utapata mikao miwili iliyogeukiana yenye alama zinazokaribiana. Usikimbilie kuutupa mmoja. Panya ana protini mbili za kushika manosi, A na C, ndugu wa karibu, na kwenye fuwele manosi imekaa kwa A upande mmoja na kwa C imegeuka nyuzi 180, haidroksili za kaboni 3 na 4 zikiwa kwenye kalsiamu kwa zote mbili.

Nikilazimika kuchagua: mahali panapojulikana na mnyororo mfupi, Vina-Carb; mfuko unaobadilika umbo au protini isiyo na muundo wa fuwele, AlphaFold 3 au Boltz, ikifuatiwa na GlycanDock ya kunoa. Programu mbili zilizojengwa kwa misingi tofauti zikikutana ndani ya angstromu 2, naanza kuamini.

Inashikwa kwa nguvu kiasi gani?

Alama ya Vina imeandikwa kwa kilokalori kwa moli, na kwa sababu hiyo watu wanaichukulia kama kipimo. Kwa sukari usifanye hivyo. Uhakika ambao AlphaFold 3 inautoa nao hauhusu nguvu kabisa. Unahusu kama programu inaamini mahali ilipoiweka. Boltz-2 ya 2025 inatabiri nguvu, lakini ilifunzwa kwa data za molekuli zinazofanana na dawa, na tumekwisha kusema sukari si dawa.

Hapa panataka uigaji wa mwendo wa molekuli, na subira. Unazamisha protini na sukari ndani ya maji ya kompyuta, unaziacha zitikisike kwa mamia ya nanosekunde, unatazama. Kanuni za nguvu kati ya atomu zinazotumika zaidi kwa sukari ni GLYCAM06 (2008) na CHARMM36. Ubora wake haupishani sana. Chagua ile inayokwenda na kanuni za protini unazozitumia tayari. Zote mbili, zilipopimwa kwa shinikizo la osmosi, zilionekana kuzifanya sukari zing'ang'aniane kuliko uhalisi, kwa hiyo nguvu iliyozidi kidogo isikushangaze.

Kuna mtego wa GLYCAM unaomkamata karibu kila mgeni. Kanuni za protini za Amber, programu ya uigaji, hupunguza nguvu za atomu zilizotengana kwa bondi tatu, kwa kuzigawa kwa 1.2 na 2.0. GLYCAM haipunguzi kitu. Amber yenyewe inajua kuzichanganya. Ukizihamishia GROMACS, programu nyingine ya uigaji, bila uangalifu, kigawanyo kimoja kinaweza kutumika kwa vyote, na pembe ya omega ya kiungo cha 1-6 inaharibika kimyakimya. Hakuna onyo. Uigaji unaendelea vizuri tu.

Faida ambayo njia nyingine hazina ni maji. Kwenye konkanavalini A iliyoshika trimanosidi kuna molekuli moja ya maji inayounganisha sukari na asparajini 14, asidi ya aspatiki 16 na arginini 228. Upachikaji wa kawaida huyafuta maji yote kabla ya kuanza. Uigaji huyaacha, na unaona yapi yanakaa na yapi yanapita njia.

Kwa namba zenyewe, MM-GBSA, makadirio ya haraka ya nishati kutoka kwenye picha za uigaji, ni ya bei nafuu na namba zake hutia chumvi. Itumie kupanga ipi juu ipi chini, usiichapishe kama nguvu halisi. Hesabu za nishati huria za kubadilisha molekuli moja kuwa nyingine hatua kwa hatua ndizo zenye heshima. Kwa swali la Drickamer, manosi dhidi ya galaktosi kwenye mfuko mmoja, hii ndiyo njia ninayoiona inafaa kwa haki, ingawa kalsiamu yenye chaji mbili huitia hesabu kelele. Kumbuka kipimo: kosa la kilokalori 1.4 kwa moli ni sawa na kukosea nguvu mara kumi, na tofauti za sukari na sukari mara nyingi ni ndogo kuliko hapo.

Ipi kati ya mia kadhaa?

Usipachike glikani mia sita moja moja. Kuna data ya kazi hiyo: vioo vilivyotiwa vidoa vya glikani, kila kidoa na yake, ambavyo humwagiwa lektini yenye rangi ing'aayo, kisha mwanga wa kila kidoa hupimwa. LectinOracle, iliyotengenezwa na kikundi cha Daniel Bojar, ilifunzwa kwa miingiliano 564,647 ya protini na glikani. Inausoma mfuatano wa protini kwa modeli ya lugha ya protini, inaichora glikani kama grafu, halafu inatabiri kama zitashikana. Haihitaji muundo. Haikuonyeshi mkao pia, wala haijui mfuko uko wapi.

Kwa lektini za familia zinazojulikana ni chombo kizuri mno cha kupunguza orodha kutoka mia sita hadi kumi. Ila mwanga wa kidoa unachanganya nguvu ya mfuko na msongamano wa glikani kwenye kioo, kwa hiyo "inashika sana" yake si lazima iwe nguvu ya kiungo kimoja. Nayo inawekea uzito kile kilichowekwa kwenye vioo. Glikani za bakteria za ajabu ajabu hazimo kwa wingi humo. Kumi zinazobaki ndizo unazozipeleka kwa AlphaFold 3 na Vina-Carb.

Na heparini?

Heparini, mnyororo wa sukari unaozuia damu kuganda, na ndugu zake nawaweka kando kwa sababu wanavunja karibu kila ushauri wa hapo juu. Hapa uso wa sukari kwenye triptofani hauna kazi kubwa. Kazi inafanywa na salfeti zenye chaji hasi zikitafuta laisini na arginini. Vina, isiyohesabu chaji, inakuwa kipofu nusu. Kwa swali la "wapi", ClusPro, tovuti ya kupachika, ina hali maalumu ya heparini inayopitisha kipande chake juu ya uso wote wa protini, na ndiyo ninayoanza nayo. Pete ya asidi ya iduroniki, moja ya sukari za heparini, juu ya hayo, haina umbo moja: hupishana kati ya kiti cha 1C4 na umbo lililopinda la 2S0, na ni hilo la 2S0 lililoonekana ndani ya antithrombini, protini ya damu, iliyoshika pentasakaridi (kipande cha sukari tano). Kwa kuwa programu za kupachika huigandisha pete, tengeneza faili mbili za ligandi, moja kwa kila umbo, uzipachike zote kwa kisanduku kile kile, na mikao ya juu ya kila moja uipitishe kwenye uigaji kabla hujalinganisha chochote.